Mashine Inalia Namna Gani?

Ililetwa kwa mkokoteni kutoka Ayany, imefunikwa shuka la maua kama mgonjwa anayepelekwa dispensari, na watoto wa Raila, kijiji chetu cha Kibera, wakaifuata nyuma wakiimba kwamba fundi ameoa. Mimi nilitembea kando ya mkokoteni nikiwa nimekumbatia kibodi, nacheka. Sikuwakatalia wale watoto. Kila mtu pale kijijini alijua mimi na fundi tuko pamoja.

Alikuwa mtu wa ziwani, mimi mtu wa Magharibi, na wote wawili tulikuwa wapangaji wa vyumba vya mabati Kibera. Alitengeneza redio na pasi kwenye baraza la duka moja karibu na Ayany. Kuna familia ya huko estate iliyokuwa inahama, na kompyuta yao ilikuwa imekufa. Walimwambia, "Fundi, ukiweza kuifufua ni yako." Kwa hiyo akaja nayo, na jioni hiyo akaondoa sufuria zake zote kwenye meza, akaziweka chini ya kitanda, akaiweka mashine pale juu. Akanishika mkono.

"Karani," akaniita. Ndivyo alivyoniita kwa sababu nilikuwa najifunza kupiga taipu. "Hii ni yetu."

Nilikuwa na ndoto nyingi wakati huo, nyingine hata aibu kuzitaja, lakini hii ilikuwa na anwani. Kila asubuhi nilikwenda kufanya kazi Kawangware, na pale mtaa wa Kongo, njia ninayopita, kulikuwa na kibanda kitupu chenye stima. Mama mwenye kibanda alikuwa ametuahidi kutuwekea mpaka shule zifungwe. Tungeandikia watu barua za kuomba kazi, kadi za harambee, ratiba za mazishi. Watu hufa na kuoana kila wiki, hatungekosa kazi. Nilikuwa nimeshachagua rangi ya mlango, buluu.

Na kulikuwa na upande wa pili wa ndoto. Babake fundi alikuwa akimwita nyumbani arudi kulima miwa. Alikuwa ameitwa mara nyingi, na kila mara alijibu kwamba anangoja kitu kimoja kikae sawa. Sasa tulijua ni kitu gani. Mashine ikiwaka, tunafungua kibanda na anabaki. Isipowaka, anaenda. Hatukuisema hivyo kwa mdomo, lakini sote wawili tuliiangalia ile meza tukijua.

Alipoiwasha mara ya kwanza, feni yake ilizunguka, kioo kikabaki cheusi, na mashine ikaanza kulia. Piii, ndefu. Inanyamaza kidogo. Piii tena. Ilikuwa sauti kali inayotoboa mabati. Upande wa pili wa ukuta kulikuwa na jirani yetu aliyejifungua majuzi, na kwenye ploti ile sheria ya kwanza kuliko hata ya maji ni kwamba mahali pana kichanga watu hawapigi kelele.

"Fundi!" jirani akaita kupitia ukutani. "Huyo mbuzi wako ana njaa ama ni nini? Mtoto ndio amelala!"

"Pole mathe, si mbuzi. Ni kompyuta."

"Basi ipatie nyonyo!"

Ploti nzima ikacheka. Lakini mtoto alikuwa ameanza kulia kweli, na fundi alikuwa na moyo laini kwa watoto. Alifungua mashine, akatafuta kaspika kadogo kalikokuwa ndani, akachomoa waya wake. Akawasha tena. Kimya. Akapaza sauti, "Mathe, mbuzi nimemchinja!"

Nilimpenda sana siku hiyo. Nilirudi chumbani kwangu nikiwaza nimepata mwanamume ambaye hata mashine anainyamazisha ili mtoto wa jirani alale.

Kazi yangu Kawangware ilikuwa katika ofisi ndogo ya mradi wa akina mama wanaofuma vikapu. Nilifagia, nikapika chai, na chai ikishanyweka nilijifunza kupiga taipu kwa mkubwa wangu, mama mmoja mnene mwenye huruma niliyemwita mami. Shule niliachia kidato cha pili, kwa hiyo kila kitu nilichojua kuhusu barua nilifundishwa naye. Ofisi ilikuwa na kompyuta moja na barua pepe. Si kama watu wanavyoijua sasa. Mami aliandika barua, zikakaa zikingoja ndani ya mashine, na jioni simu ilipigwa, modemu ikakwaruza kama kuku aliyeshikwa mguu, zikaenda zote kwa pamoja. Asubuhi simu ilipigwa tena na majibu yakaingia. Zaidi ya hapo ni kuchoma pesa za simu.

Mgeni mmoja aliyepita pale ofisini alikuwa amemwachia mami anwani ya kundi la mafundi wa kompyuta. Unaandika barua moja, alisema, na inawafikia mamia ya watu dunia nzima, na yeyote anayejua anakujibu. Bure. Mimi niliposikia hayo nilikaa chini. Nilikuwa sijawahi kusikia mahali ambapo unaweza kumuuliza mtu swali bila yeye kujua wewe ni mtoto wa nani.

Mami akanipa saa ya chakula cha mchana. "Andika," akasema, "lakini andika kama mtu aliyelelewa."

Nikaandika kama mtu aliyelelewa. Niliandika yote kwa herufi kubwa, kwa sababu mami alinifundisha jambo zito huandikwa kwa herufi kubwa, na kwangu hakukuwa na jambo zito kuliko hili. Nikawasalimu wote, wazee kwa vijana. Nikawajulisha kwamba sisi huku tu wazima kwa neema za Mungu na kwamba mvua imekataa kuisha. Nikawaeleza kuhusu kibanda cha Kongo na mlango wa buluu. Nikawaambia yuko mtu ninayemheshimu sana na kwamba maisha yetu yako mikononi mwao. Mwisho kabisa, baada ya kurasa mbili, nikaingiza lenyewe: kuna mashine haijisikii vizuri. Sikusema mashine ya nani wala inaumwa nini. Kwetu huendi kwa mtu ukamtupia shida yako usoni kabla hajakuuliza. Unaisogeza pole pole, na yeye akiwa mtu mzima anaichukua mwenyewe.

Halafu nikafanya la pili. Niliona majina ya watu wanaojibu mara nyingi katika kundi, nikamtumia kila mmoja barua ile ile peke yake. Ukiwa na jambo, iwe harusi au matanga, unapita mlango kwa mlango. Mlango utakaouruka ndio utakaokusema.

Asubuhi yake majibu yalikuwa yameingia. Yalikuwa ya Kiingereza, ninayaandika hapa jinsi nilivyoyaelewa. Wa kwanza aliandika: "Kwa nini unatupigia kelele?" Nilishangaa. Nilikuwa nimeandika kimya kabisa, nimevaa sweta. Wa pili: "Barua yako nimeipata mara mbili. Mara moja ingetosha." Wa tatu: "Soma kitabu cha mashine yako kwanza." Wa nne aliandika maneno machache tu: "Swali ni lipi?"

Hakuna aliyenirudishia salamu. Hata mmoja.

Nilitoka nje nikasimama nyuma ya tangi la maji nikalia. Mami akanifuata, kitambaa cha sahani begani.

"Wewe nawe, machozi ya nini?"

"Wamenitukana, mami."

"Wamekujibu," akasema. "Mimi namwandikia mwenye hii nyumba kuhusu hilo paa tangu nizae kitindamimba, hajawahi hata kuniambia napiga kelele. Rudi ndani uone kama kuna mwingine."

Kulikuwa na mwingine. Sikujua ni mzee au kijana, lakini kwa maandishi yake alikuwa kama mzee, mtu asiye na haraka. Yeye pia hakusalimu. Aliandika: "Usijali, wote tulianza hivyo. Mashine ni ya aina gani? Ilifanyiwa nini kabla ya kuharibika? Ukiiwasha, unaona nini kwenye kioo? Je, inalia? Inalia namna gani, ndefu au fupi, na mara ngapi? Jibu hapa kwenye kundi, usiniandikie peke yangu, ili na mwingine mwenye shida hii asome." Chini yake akaongeza, "Natumaini mtafungua ofisi yenu." Kumbe alisoma mpaka mwisho.

Nilichapa barua ile kwenye karatasi, nikaikunja, nikaitia ndani ya blauzi. Siku hiyo niliiona safari ya kurudi Raila ndefu kuliko siku zote.

Sasa ni lazima nieleze kitu kimoja, kwa sababu bila hicho fundi ataonekana mtu mbaya na hakuwa mtu mbaya. Pale tulipoishi, mtu akikujibu swali lako kwa swali, amekunyima. Unaenda kuomba chumvi, jirani anakuuliza, "Kwani dukani wamefunga?" Unasema asante, unarudi na kijiko chako. Unamwendea mjomba kuhusu karo, anakuuliza, "Na babako anasemaje?" Unakunywa chai yake, unaaga. Ni heshima hiyo. Ni namna ya watu wasio na kitu kuambiana hapana bila kuumizana. Tumelelewa hivyo, na mtu aliyelelewa hangoji aambiwe mara mbili.

Hata mimi, niliposoma ile barua ya mzee mara ya kwanza, nilikata tamaa. Niliona amenikatalia, tena kwa wingi. Ni lile neno usijali lililonifanya niisome tena.

Fundi alikuwa amekaa kwenye kitanda na bisibisi mkononi. Alisoma karatasi akiitafsiri polepole, midomo inacheza. Kisha akacheka, lakini si kile kicheko chake.

"Mimi nasema mashine haiwaki. Yeye ananiuliza inalia namna gani. Inalia! Ng'ombe ndio hulia."

"Si mwanzoni ilikuwa inalia?"

"Ilikuwa. Saa hii hailii."

"Basi mwambie ilikuwa inalia ndefu, halafu wewe ukachomoa waya."

"Ndio waseme fundi wa Kibera alikuta mashine ina shida akaikata ulimi?" Akaniangalia. "Karani, huyu mtu anatuzungusha. Hataki kusaidia na anaona haya kusema. Mtu anayetaka kusaidia anasema fanya hivi, fanya vile."

"Labda kwao ndio kusaidia."

"Kwao," akasema. "Sisi tuko kwao?"

Nilikaa naye mpaka chai ikapoa. Nilimbembeleza, nikamfanyia mzaha, nikamwambia mlango wa buluu unamngoja. Mwishowe akakubali niandike. Akanisomea majibu mwenyewe kama mtu anayetoa ushahidi: aina ya mashine, hii hapa. Ilifanyiwa nini, haikufanyiwa kitu. Kioo, cheusi. Inalia?

"Andika hailii," akasema.

"Hailii sasa, ama hailii kabisa?"

"Andika hailii. Mashine ni ya nani?"

Nikaandika hailii, jinsi alivyosema.

Hiyo ndiyo barua yangu ya kwanza nzuri katika kundi lile. Herufi ndogo, kwa kuwa kwao kubwa ndizo kupiga kelele, hakuna mvua, hakuna salamu isipokuwa neno moja, na juu yake nikaandika shida ni nini ili mtu aione kabla hajafungua. Ilikwenda kwa kundi tu, si mlango kwa mlango. Nilikuwa nimesoma barua za wengine saa zangu zote za chakula na nikaanza kuelewa utaratibu wao. Ulikuwa na adabu yake. Salamu kwao ni kutompotezea mtu muda. Heshima ni kusema ulichokwisha kujaribu, ili asihangaike kukuambia ulichofanya jana. Na anayeuliza maswali mengi ndiye ameamua kukaa na wewe. Nilianza hata kuwapenda. Nilimwambia mami kwamba siku moja nitakuwa mtu wa kujibu. Akasema, "Anza kwa kujibu simu, inalia."

Mzee akajibu asubuhi yake. Kama mashine hailii hata kidogo, alisema, basi shida iko mbali zaidi, huenda umeme haufiki vizuri, huenda ubao wenyewe umeungua. Akatupa njia ndefu ya kufuata. Fundi alifuata. Hapo hakuna atakayemlaumu. Alipima nyaya moja moja, akaazima kifaa cha umeme kwa rafiki yake wa Ayany, akakibadilisha, akakirudisha. Kila jioni niliingia nikamkuta ameinama juu ya ile mashine wazi, na kila jioni alisema, "Bado." Redio za watu zikawa zinarundikana pembeni. Wenyewe wakaanza kuja kuzichukua bila kutengenezwa.

Nilipeleka maneno, nikaleta maneno. Hili amejaribu, halikusaidia. Hili pia. Watu wengine wawili watatu wa kundi wakaingia katika mazungumzo, kila mmoja na maoni yake, kama majirani kwenye chumba cha mgonjwa. Halafu siku moja mzee akaandika: "Nimekuwa nikiwaza. Mashine ya aina hii ikiwa na shida hulia, lazima. Kukaa kwake kimya ndiko kunanisumbua. Mna hakika spika yake imeunganishwa?"

Niliposoma hivyo nilisimama nikakaa. Yule mtu alikuwa ng'ambo ya bahari na alikuwa ameona mpaka ndani ya chumba chetu.

Nilimwomba mami ruhusa nikatoka mapema. Nilimkuta fundi nje amekaa kwenye debe, hafanyi kitu. Nikampa karatasi. Aliisoma, akaikunja, akanirudishia.

"Sasa anataka kuniambia nimekosea."

"Anauliza tu. Rudisha waya, tuisikilize mara moja, nimwandikie inavyolia. Mtoto wamempeleka kliniki, mlango wao umefungwa. Ama niurudishe mimi, nionyeshe tu unaingia wapi."

"Usiguse mashine yangu."

Alisema polepole, hakunifokea. Lakini tangu ile siku ya mkokoteni ilikuwa mashine yetu. Nilisikia lile neno likigeuka, na sikujua niliweke wapi. Nikamuuliza kama amekula. Akauliza, "Kwani kuna chakula?"

Sikugusa. Ilikuwa mashine yake, ndani ya chumba chake, na mimi nilikuwa msichana ambaye hajatolewa hata kuku wa mahari nyumbani kwao.

Shule zikafungwa. Nikipita Kongo asubuhi moja nikakuta kibanda kimefunguliwa, kinyozi anapachika kioo, na mlango umepakwa rangi nyekundu. Mama mwenye kibanda aliniona akatazama pembeni. Hakukosea, alikuwa amengoja. Nilimsalimia kwa furaha ili asione vibaya, nikanunua hata mandazi kwake, nikayabeba mpaka ofisini na sikuyala.

Jioni yake meza ya fundi ilikuwa tupu. Sufuria zilikuwa zimerudi juu.

"Iko wapi?"

"Nimempa mwalimu wa kale kakoleji ka Kongo. Anasema atatumia vipuri."

Nilijua koleji hiyo ya kompyuta. Ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la unga, mwalimu mmoja kijana mwenye tai. Kesho yake saa ya chakula nilipanda ngazi. Sijui nilikuwa naenda kufanya nini, pengine kuiaga tu. Kabla sijafika juu niliisikia. Piii, ndefu. Kimya. Piii. Niliijua kama unavyoijua sauti ya mtu wako sokoni.

Mwalimu alikuwa amerudisha waya wa spika kabla ya kitu kingine chochote. Aliniambia ndivyo walivyofunzwa, kwanza uiache mashine iseme. Akasikiliza kidogo tu, kichwa amekiinamisha.

"Ah, memori," akasema.

Akaweka kidole gumba juu ya kibao kimoja chembamba ndani ya mashine, akakisukuma. Kikasema ta. Akawasha. Piii fupi, moja, kama mtu anayeitika. Na kwenye kile kioo nilichokuwa nimekitazama kikiwa cheusi msimu mzima, namba nyeupe zikaanza kupanda, zinajihesabu, zinapanda.

"Ilikuwa imelegea tu," mwalimu akasema. "Pengine ni ule mkokoteni, ama wenyewe waliisukuma wakihama. Mbona unalia, dada?"

"Vumbi," nikamwambia. "Hapa kwenu kuna vumbi."

Nilikwenda Raila mbio. Njiani kote nilikuwa nayapanga maneno, na unajua mtu mwenye ndoto, nilikuwa nimeshaanza kuona njia nyingine. Tutamwomba mwalimu aturudishie. Tutatafuta kibanda kingine. Fundi akijua ilikuwa kitu kidogo hivyo, kidole gumba tu, ataruka.

Alikuwa anafunga godoro kwa kamba.

"Imewaka!" nikasema mlangoni. "Ilikuwa memori, imelegea tu! Mwalimu ameisukuma kwa kidole ikawaka. Ile kulia ndiko kulimwambia."

Hakugeuka. Akavuta kamba, akafunga fundo, akalijaribu kama limekaza.

"Nani alikuuliza?" akasema.

Nimeyageuza maneno hayo tangu wakati huo. Pale kwetu vijana hutaniana hivyo mchana kutwa, nani alikuuliza, na mtu hucheka. Yeye hakuwa anatania. Na kwa kweli hakuwa ameniuliza. Nilikuwa nimembebea mtu jibu mbio mbio bila kutazama kama bado ana swali.

Jirani alikuwa mlangoni kwake, mtoto mgongoni, anasikia yote kwa sababu pale hakuna lisilosikika. Akaingia ndani kwake akafunga mlango taratibu ili atupe nafasi, ijapokuwa ukuta ni mabati tu.

Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda kisicho na godoro. Sisi wasichana wa kwetu hatukufundishwa kumuuliza mwanamume jambo kama hilo. Unangoja. Unamtumia shangazi. Unapika vizuri, ukitumaini ataelewa. Lakini nilikuwa nimekaa miezi na watu wanaouliza kitu chenyewe, kwanza, bila mvua na bila salamu, na mdomo wangu ulikuwa umezoea.

"Unaenda na mimi," nikamuuliza, "ama unaenda peke yako?"

Aliacha kamba. Nilimwona akitafuta swali la kunirudishia. Nilimwona, nilimjua sana. Lingenitosha. Angesema tu, "Kwani wewe kazi yako utaiacha?" nami ningesema asante, nikaondoka na heshima yangu, na labda ningeendelea kujidanganya kidogo.

"Peke yangu," akasema.

"Ni kwa sababu ya mashine?"

"Hapana."

"Ingewaka ungebaki?"

"Sijui. Nilikuwa naomba isiwake, siku zingine. Nilikuwa nimechoka, Karani. Ulikuwa unanitazama kila jioni na hayo macho." Akafuta mikono kwenye suruali. "Wewe ni mtu mzuri sana."

Nilimsaidia kufunga sufuria kwenye gazeti. Hakuna kingine ningefanya, na zingevunjika masikio zikigongana njiani. Tulifanya kazi hiyo pamoja vizuri. Asubuhi alipobeba mzigo wake kwenda kupanda basi la nyumbani, majirani walimsindikiza mpaka barabarani wakimtania amletee mke miwa. Nilicheka nao. Mimi ndiye niliyebeba debe.

Kazini nilikaa siku kadhaa bila kufungua barua za kundi. Nilipofungua, mzee alikuwa ameandika tena, na tena. "Bado mpo? Spika mliiona?" Na mwingine: "Mlifikia wapi?" Mami alisimama nyuma yangu akasoma, akaweka mkono wake mzito begani mwangu, kisha akaenda kuosha vikombe ambavyo ilikuwa kazi yangu kuviosha.

Nikaandika. Niliweka juu kabisa kwamba shida imepatikana, ili anayetafuta aione. Nikaeleza kwamba spika ilikuwa imechomolewa kwa sababu kulikuwa na mtoto mchanga nyumba ya pili, kwamba mashine ilipounganishwa ililia ndefu, ikapumzika, ikalia tena, na kwamba kulia hivyo kulikuwa ni memori kutokaa mahali pake. Ukiisukuma kwa kidole gumba mpaka iseme ta, itawaka. Nikawashukuru wote, hata yule wa kelele.

Simu ikapigwa jioni, ikaenda. Asubuhi mzee alikuwa amejibu. Alisema amefurahi, na kwamba hiyo habari ya mtoto mchanga ni sababu nzuri kuliko zote alizowahi kusikia katika kazi hii. Akasema kuna mtu mwingine kwenye kundi ameisoma barua yangu, mashine yake ilikuwa inalia vivyo hivyo, na imewaka. Kisha, kwa sababu alikuwa mtu asiyeacha kitu nusu, akauliza: "Na ofisi, mmeshafungua?"

Niliitazama ile sentensi muda wa chakula wote. Nilijua sasa kwamba mtu wa namna ile akiuliza hakunyimi kitu, anataka kujua. Chai ya watu ilikuwa inachemka ikimwagikia jiko.

"Hapana," niliandika. "Mwenye mashine amerudi kwao. Sikuenda naye."

Nikaiacha ndani ya mashine pamoja na barua za vikapu, ingoje simu ya jioni.